Robo na Nusu Yake

Mara ya tatu, na bado alikosea. Niyitegeka alitua mkebe wa maziwa ya unga mezani kwa kishindo, akajifuta vumbi jeupe kwenye kitenge, akajikaza asimtukane Patricie. Nesi huyu wa kituo cha lishe alikuwa na umri wa binti yake, lakini kadi ya kumruhusu Isimbi arudi nyumbani ilikuwa chini ya kiwiko chake, haijatiwa sahihi.

Isimbi ni mjukuu wake, ana mwaka na nusu. Mama yake alivuka daraja kurudi Bukavu kumtafuta mumewe wiki ile vita vya pili vya Kongo vilipoanza, na sasa mwaka unakaribia kwisha bila habari. Mtoto alibaki Nkanka, upande huu wa Rwanda, kwa bibi yake, akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Akalazwa kituoni, akapata nafuu, na siku za Pasaka akarudishwa nyumbani na maziwa yake. Siku nne baadaye aliletwa tena akiharisha, macho yameingia ndani. Tangu hapo Patricie alikataa katakata: mtoto hatoki hadi bibi apime maziwa sawasawa mbele yake.

Kupima! Yeye, aliyeuza unga sokoni Kadutu, kule Bukavu, miaka kumi na tisa, leo anafundishwa kupima na mtoto wa juzi!

Karatasi ya ukutani ilisema lita moja ya maji inataka robo tatu za kikombe. Isimbi hutengenezewa nusu lita. Siku ya kwanza Patricie alichukua chaki, akaandika tatu juu ya nne, akagawa kwa mbili, akapata tatu juu ya nane.

"Hii nane imetoka wapi?" Niyitegeka aliuliza. "Kikombe iko moja, mutoto iko moja. Nane ya nini?"

Patricie akaeleza, akafuta, akaeleza tena. Bibi wa watu aliumwa kichwa kwa zile namba zilizopandana. Alirudi kukaa benchi na akina mama wengine, aibu na hasira vimemjaa, akaanza kuipiga hesabu kwa njia ya sokoni. Robo tatu ni nusu na robo. Nusu ya nusu ni robo. Na nusu ya robo, si ndiyo wateja maskini walikuwa wakimwomba kila siku? Siku ya pili alikuja na jibu lake: "Robo moja na nusu yake." Patricie alipiga makofi. Ndiyo hiyo hiyo tatu ya nane.

Kwa hiyo kichwa kilijua. Mkono ndio uliokataa. Akichota kwa kile kikombe kidogo cha robo, alichota na kilima juu. Patricie akimwambia amezidisha, yeye haoni alichozidisha. Kule Kadutu unajaza kipimo, halafu unaongeza matabishi, lile gao la bure la mteja, na mteja aliyepimiwa bila matabishi atakutangaza soko zima. Mkono mtupu haulambwi. Nyongeza haimo kwenye hesabu. Hiyo ni adabu tu, na adabu haipimwi.

"Maman, ile ya juu, toa," Patricie alisema leo.

"Nitoe nini? Ile ya juu haihesabiwe. Ni matabishi."

"Futa na kisu."

"Na kisu! Mi nilishafutia muntu bunga na kisu siku gani? Patricie, mutoto wangu, haya maziwa ni ya baba yako? Juu ya nini unamunyima mutoto ya wenyewe?"

Akina mama kwenye benchi waliguna. Patricie alikunja uso, akavuta kikombe kizima, akakiweka katikati ya meza.

"Haya. Pima robo ine humu. Pima vile unapimaka."

Niyitegeka akapima, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na kilima chake, akizimimina kikombeni. Ya tatu ilikijaza kikombe hadi ukingoni. Akasita.

"Ya ine," Patricie alisema.

Ya nne ikamwagika yote mezani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, wakanyamaza hapo hapo.

"Robo yako iko theluthi, Maman," Patricie alisema, sasa kwa upole. "Na tumbo ya mutoto aliyekonda haiwezi. Maziwa ikikuwa na nguvu sana, inamuharisha."

Niyitegeka aliukodolea macho ule unga uliomwagika. Alikuwa amelaumu maji ya kisima. Alikuwa amelaumu jicho la jirani, na huyu nesi pia. Na zile siku nne za Pasaka, kila Isimbi alipolia, yeye aliongeza tena kidogo, kwa mapenzi. Kumbe aliyemharisha mtoto ni yeye, kwa mkono wake mwenyewe. Hasira yote ikakosa pa kwenda.

Alichukua kisu bila kuambiwa. Akachota robo, akaipangusa juu, unga ukarudi mkebeni, na roho ikamuuma kama anamwibia mtu. Akachota ya pili, akaipangusa, akaigawa katikati, nusu akairudisha. Akakoroga na maji yaliyochemshwa, akammiminia Isimbi kiasi chake kwenye kikombe cha plastiki.

Isimbi alikunywa bila kupumua. Alipomaliza alichungulia ndani ya kikombe, kisha akamnyooshea bibi yake.

"Tena."

Benchi zima lilimgeukia bibi. Mkebe ulikuwa wazi, umejaa. Patricie alishika kalamu, hakuandika kitu.

"Imeisha," Niyitegeka alisema.

"Tena!"

"Hapana, mama. Imeisha."

Mtoto akaangua kilio. Niyitegeka aliufunika mkebe, akauweka chini, akaukalia. Akamkumbatia Isimbi, aliyekuwa akimpiga kifuani kwa ngumi zake ndogo, na hakuinuka mpaka Patricie alipomaliza kutia sahihi.