Mtihani wa Geti la Nyuma

King'ora cha kiwanda kilipolia saa kumi na moja jioni, kuruta wanane walikuwa wameshajipanga kwenye geti la nyuma, mikono mgongoni, matumbo matupu. Wanne tu ndio waliokuwa na kofia. Wengine waliambiwa kofia zitakuja na cheti.

Wa mwisho mstarini, mama wa mtoto mmoja, alikuwa anasoma kozi ya ulinzi kwa mara ya tatu. Gwaride alilimudu. Kitabu cha zamu alijua kukiandika. Hata kuzima moto alijua, ingawa moto wenyewe walichorewa ubaoni. Kilichomwangusha mara zote mbili ni mtihani wa vitendo: kuruta anawapekua wafanyakazi wakitoka kazini, na asiyekamata mwizi anaanza kozi upya. Mara ya kwanza aliuliza, tena kwa adabu, itakuwaje ikiwa siku hiyo hakuna aliyeiba. Mkufunzi wao, ambaye wote walimwita Afande, alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia geti lisilokamata mtu ni geti lililolala, na kiwanda hakitaki walinzi wa kulala.

Kuruta mwenzake mmoja, waliyembandika jina la Babu kwa kurudia kozi mara tano, alisema atastaafu angali mafunzoni.

Asubuhi hiyo dada wa kuruta huyo wa mwisho, aliyekuwa akimlelea mtoto, hakugomba. Alimwambia tu, taratibu, kwamba safari hii akirudi bila cheti aje amchukue mwanawe, kwani na yeye amechoka. Ule upole ndio uliomtisha.

Kiwanda kilishona sare za shule, za hospitali, za walinzi. Wanawake walitoka na nyuzi nyweleni, kuruta yule akawapapasa mabega, mbavu, kiuno, mapaja. Jasho lao lilimganda viganjani. Wa kumi, hakuna kitu. Wa ishirini, hakuna kitu. Afande hakumgusa mtu. Alikaa nyuma kwenye kiti cha plastiki akichokonoa meno, akitazama mikono ya kuruta. Darasani alishawafundisha: mkono uliopata kitu husimama kabla mwenyewe hajaamua la kufanya.

Wa thelathini na kitu alikuwa mshonaji wa makamo, mwembamba. Juu kabisa ya paja, chini ya sketi, vidole vilikuta kitu kimekunjwa, kina joto, kimelowa. Alijua palepale. Yeye mwenyewe hujikunjia hivyo hivyo, kwa shuka kuukuu.

Mkono ukasimama.

"Umepata nini?" Afande aliuliza bila kuinuka.

Mshonaji alimwinamia sikioni. "Mdogo wangu, niko kwenye siku zangu. Ni mabaki ya chini ya meza tu, yanachomwa kila Ijumaa. Sema hakuna."

"Nakuuliza wewe, kuruta."

Alifungua mdomo aseme hakuna. Akamwona mwanawe mlangoni kwa dada yake, kashavalishwa viatu, nguo zake zimefungwa kwenye mfuko.

"Kitambaa, Afande."

"Cha kiwanda?"

"Cha kiwanda."

Mshonaji aliamriwa akakitoe kwenye kibanda cha walinzi, na kuruta akashika mlango. Kisha Afande akataka kikunjuliwe mezani. Kuruta wanaume wakatazama pembeni. Mmoja alicheka kwa pua. Afande alijiziba pua kwa ukosi wa shati, lakini macho hakuyaziba. Akahesabu vipande vitatu, vya bluu, vya shati la mlinzi. Akachukua kitambulisho cha kazi cha mshonaji na kumwambia kesho asije.

Mshonaji hakulia. Aliomba arudishiwe japo kimoja, kimfikishe nyumbani.

"Hiyo ni mali ya kiwanda," Afande alisema.

Mshonaji akaondoka amebana mapaja, mkoba ameushikilia nyuma.

"Unaona sasa?" Afande alimgeukia kuruta wake, sauti imekuwa ya baba kwa binti. "Kazi unaiweza. Ulikuwa unajidekeza tu."

Akamwandikia alama tisini na tano. Fomu ya mtihani ilitaka ushahidi uambatanishwe, kwa hiyo akavisukumia vile vitambaa kwenye karatasi kwa ncha ya kalamu, akachukua stepla. Pini ya kwanza ilipinda. Ya pili nayo ikapinda.

"Ni nene," alisema. "Kandamiza hapo."

Akakandamiza kwa vidole gumba vyote viwili. Ubichi ukapenya kwenye karatasi, ukafika chini palipokuwa na sahihi ya Afande. Kule kwenye foleni, wanawake waliobaki walikuwa wameshaanza kufungua vifungo vya sketi zao, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa na mtu.