Jenerali Siku ya Posa

Ukiwaambia watu wa Kibondo kwamba unaosha pikipiki, watakuelewa. Ukiwaambia unaosha mbwa, watakuuliza kama kwenu wanajua. Kwetu wanajua, ndiyo maana mama huwaambia majirani kwamba Marselino "yuko kwenye mifugo".

Mwanzoni nilikuwa peke yangu mjini. Nilikuwa na banda la nguzo nne na mabati kando ya barabara itokayo Kasulu, bomba la maji, sabuni na dawa ya kupe. Kisha Nurudini akafungua la kwake karibu na stendi, akanunua draya kuukuu ya saluni, ile ya kuingiza kichwa, akawa anakaushia mbwa. Wateja wakahamia kwake. Si kwamba mbwa wao walikuwa na haraka ya kukauka, ila nani asingependa kumwona mbwa wake amekaa kama bibi harusi? Nikajaribu kushindana, nikawafunga wangu utepe shingoni. Mwalimu mmoja mgeni alipokuja kumchukua wake akaniuliza anagombea udiwani wa kata gani.

Wazo la maana nililipata kwenye sherehe ya kipaimara huko Murungu. Mbwa wa nyumba alifungwa nyuma ya jiko, akabweka tangu sala ya kufungua mpaka keki. Mgeni rasmi alisoma hotuba nzima bila kusikika, ingawa kwa hotuba ile nadhani mbwa alitutendea wema. Nikajiuliza, nani wilaya hii anamchukua mbwa siku ya shughuli, anamtunza, kisha anamrudisha wageni wakishaondoka? Hakuna. Nikaandika ubaoni: "Una sherehe? Mlete mbwa kwetu, wageni wale kwa amani."

Aliyeitikia wa kwanza ni Nadine, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa mzee Nduwayezu. Mzee huyo anauza maharage na mawese sokoni, na akisifu kitu asubuhi, mchana soko zima linakitafuta. Nadine alikuja akivutwa na mbwa wao, Jenerali, mwekundu kama barabara ya kijijini, sikio moja limechanika.

Kisa chake nilikuwa nimekisikia, kama kila mtu. Mwezi uliopita ujumbe ulitoka Kasulu kuja kumposea Venanti, mchumba wake. Mshenga alikuwa mjomba wa Venanti, mzee Makarius, akatangulia getini kwa hatua za heshima. Alirudi kwa hatua nyingine, suruali ikiwa imepungua. Gari likageuzwa palepale. Venanti alimbembeleza sana ndipo akakubali kuja mara moja tu zaidi.

"Amesema akimwona tena mbwa huyu, hata kwa mbali, posa imekufa," Nadine akaniambia. "Na ikifa, Marselino, nitahamia hapa bandani unitunze na mimi."

"Kwa watu bei ni tofauti, mwalimu."

Hakucheka. Nikajua mambo ni mazito.

Jumamosi asubuhi nikamwosha Jenerali. Maji yalitoka mekundu, yakaendelea kutoka mekundu, mpaka nikaogopa namchubua. Kumbe mbwa ni mweupe. Mweupe, na madoa meusi mgongoni. Ule wekundu wote ulikuwa udongo. Na ukali? Mbwa ni mkali kwao. Ugenini ana adabu kuliko mwanafunzi wa bweni siku ya kwanza. Nikampaka mafuta ya mtoto ang'ae, nikamfunga kamba kwenye nguzo, nikajipongeza.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa barabara. Atokaye Kasulu lazima apite mbele ya banda langu. Saa nne Noah ikasimama, wakashuka wazee watatu wenye suti na kijana mmoja dereva, viatu vyao kama wametoka kupanda mpunga. Walikuwa wamekwama kwenye mchepuko wakasukuma gari, sasa wameona bomba. Mkubwa wao akaniomba maji kwa upole. Dereva akamwambia, "Mjomba Makarius, anza wewe," nami nikasogea mbele ya Jenerali kumkinga.

Utamficha wapi mbwa mweupe kwenye banda lisilo na ukuta? Makarius alikuwa na nyama ya mbuzi ya kuchoma kwenye gazeti. Akamrushia Jenerali kipande, kisha kingine, kisha akauliza mbwa mzuri hivi ni wa nani.

"Wa daktari," nikasema. "Daktari mgeni, ametoka Dodoma." Uongo ukishauanza, upe na mkoa.

Akachuchumaa, akamkuna shingoni. Alisema huyu ndiye mbwa aliyelelewa na wasomi, siyo lile shetani jekundu la huko waendako. Kisha akaanza kumsimulia Jenerali mwenyewe habari za shetani lile, na kila alipofika kwenye meno aliyaongeza urefu. Jenerali alisikiliza kwa makini, akamlamba vidole. Venanti, maana dereva ndiye alikuwa Venanti, aliliona lile sikio. Akanitazama, nikamtazama, akaendelea kusugua kiatu ambacho kilishatakata.

Walipoondoka nikashusha pumzi, na hapo ndipo mafuta ya mtoto yalipofanya kazi yake. Jenerali alivuta kichwa nyuma, kikateleza kutoka kwenye kamba kama mlenda, akaifuata Noah yenye nyama. Nikaita bodaboda nikiwa nimeshika kamba tupu.

Nilifika wageni wameshaketi chini ya turubai. Kasulu upande huu, Kibondo upande ule, na Jenerali amelala miguuni pa Makarius. Wenyeji wote walikuwa wamegeuka mawe. Nadine alinitazama kutoka dirishani kwa macho ambayo hayamo kwenye mtaala.

Makarius akasimama, uso umejaa furaha. Akasema kwamba nia yao ni njema kiasi kwamba hata mbwa wa njiani amewasindikiza, na akawashukuru wenyeji kwa kumwondoa yule mwingine.

Mzee Nduwayezu hajui kudanganya, labda kwenye maharage tu. "Mkwe," akasema taratibu, "ni huyo huyo. Kaoga."

Makarius akatazama chini. Jenerali akatazama juu. Mjomba akaketi, akapandisha mguu mmoja kitini, halafu wa pili, macho yakaanza kupima umbali wa geti. Posa ya Nadine ilikuwa imebaki kwenye magoti ya mzee yule.

Venanti akainama sikioni kwake, lakini tulisikia sote. "Mjomba, ukikimbia atakufuata. Wewe ongea tu."

Kwetu maneno ya posa huanzia mbali: ng'ombe aliyepotea, mbegu iliyoonekana kwa jirani, mpaka jua linazama. Makarius akasema, "Tumekuja kwa Nadine. Mnataka nini?"

Msemaji wetu, Niyomwungere, baba mdogo wa Nadine, alikuwa amejiandaa kubishana siku nzima. Akatamka idadi ya ng'ombe, ile ya kuchokoza, ambayo hutamkwa ili ikataliwe. Jenerali akapiga mwayo, meno yote nje.

"Sawa," akasema Makarius.

"Na mablanketi ya mashangazi?"

"Sawa."

"Na mbuzi wa babu."

"Hata wawili."

Niyomwungere akachanganyikiwa. Hajawahi kushinda bila kupigana. Akageuka kumtazama kaka yake, akajikuna kichwa, akaanza kupunguza ng'ombe yeye mwenyewe, kwa huruma, huku Makarius akimsihi asijisumbue.

Posa ikapokelewa wali ukiwa bado jikoni. Tukakaa tunausubiri, Makarius miguu ingali juu. Nadine akatoka na sinia la nyama. Alianzia kwa Jenerali, akafuatia kwa mjomba, akaja kwangu wa tatu.

"Usitangaze," akaninong'oneza.

Mimi sikutangaza. Baba yake alitangaza. Jumanne akaja mama mmoja kutoka Busunzu, mikono mitupu, hana mbwa wala paka, ana binti wa kuposwa Jumamosi. Alimtaka Jenerali. Nikamweleza kwa heshima kwamba sisi tunatunza mbwa, hatukodishi. Kisha nikamuuliza wageni wake wanatoka wapi.

"Kasulu, mwanangu."

"Wameshamsikia Jenerali?"

"Wangekuwa hawajamsikia," akasema mama yule, "ningekuja kwako kufanya nini?"