Bwana Kero Apewa Jumamosi

Mtangazaji wetu wa Jumamosi alipoacha kazi, mkurugenzi wa redio aliita kikao. Nani ataongoza kipindi cha Piga Simu Tusikie? Wa habari alisema Jumamosi ni siku yake ya kufua. Wa michezo alisema ana mechi, utadhani yeye ndiye golikipa. Mimi, mpangaji wa vipindi, nikapandwa na hasira.

"Basi mpeni Bwana Kero! Si ndiye anayeongea kuliko sisi sote?"

Nilikuwa nawapiga kijembe tu. Bwana Kero ni msikilizaji aliyepiga simu kila Jumamosi kulalamikia maji, mbwa wa jirani na shemeji yake aliyegoma kuhama sebuleni. Lakini mkurugenzi akagonga meza: "Hapo umenena!"

Jumamosi Bwana Kero akaingia studio amechomekea, akasalimia mji mzima pamoja na shemeji, akataja namba ya simu. Kimya. Akaitaja tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Kimya.

Mkurugenzi akanigeukia, jasho linamtoka. "Kwani huwa anapiga nani mwingine?"

"Hakuna."

Mara simu ikaita! Tukakumbatiana. Kisha nikachungulia kwenye kioo cha studio. Bwana Kero alikuwa na simu ya studio sikio hili, na ya kwake ya mkononi sikio lile.

"Mtangazaji," alifoka hewani, "mbona leo mmechelewa kupokea?"

Akalainisha sauti. "Utuwie radhi, msikilizaji wetu. Leo wapigaji ni wengi mno."