Kufuli la Tovuti ya Baba

Binti wa fundi redio alifika ofisi ya kampuni ya tovuti na bahasha iliyojaa vyeti: cha kuzaliwa kwake, cha ndoa ya wazazi, cha kifo cha baba. Kwa miaka kumi na minane marehemu aliandika masomo ya kutengeneza redio kwenye tovuti yenye jina lake. Sasa picha yake imeondolewa, imewekwa ya baba mdogo, na chini yake: "Mwandishi." Pembeni ya anwani, kile kikufuli cha usalama kinachowatuliza wasomaji.

"Nani kampa kufuli?"

Karani hakugusa hata karatasi moja. "Dada, mtambo hausomi vyeti hivi. Unampa mwombaji msururu wa herufi, unamwambia aubandike kwenye mipangilio ya jina la tovuti. Ukiukuta pale, unajua jina liko mikononi mwake, unampa cheti cha kufuli. Mikono ya nani, hauulizi."

"Hata ya mwizi?"

"Hata ya mwizi."

Binti alirudisha vyeti kwenye bahasha. Simu ya baba, yenye nywila zote, baba mdogo aliibeba siku ya mazishi, eti anaitunza.

Alimpitia mama yake, wakaenda pamoja. Walimkuta baba mdogo sebuleni kwake, miguu juu ya meza.

"Shikamoo," binti alisema, meno yamebanana.

"Marahaba. Umeona kufuli? Nimethibitishwa!"

"Umethibitishwa kwamba umeshika simu ya marehemu! Hata kuchomea waya hujui, baba mdogo. Watu wakikuuliza unawajibu nini?"

"Nawajibu vizuri tu. Tena ile ni mali ya ukoo."

Mama alinyoosha kiganja. "Shemeji, simu."

"Shemeji, tukae kwanza tuzungum—"

"Simu."

Akaitoa mfukoni, ina joto.

Binti alibadilisha nywila palepale, amesimama, akarudisha picha ya baba yake. Kisha akafungua maswali ya wasomaji. Mmoja alikuwa ameuliza kama achomoe waya wa umeme kabla ya kufungua redio. Baba mdogo alimjibu: "Si lazima."

Kuondoka hakuaga. Alikaa kwenye ngazi za nje, mama ubavuni, akaanza kumjibu msomaji huyo: "Chomoa. Tafadhali chomoa. Na uniandikie leo hii kwamba uko salama."