Mkono Kinywani mwa Watasema

Bi Mwamini wa Kurui alikuwa na sharti moja jikoni kwake: kibudu hakiingii. Kwa sharti hilo mwanawe Zahoro, kila akienda kuwinda, ilimbidi akimbie kama mbwa wake, aliyeitwa Watasema. Watasema akishakamata kanga au sungura, Zahoro naye keshafika, anamtia mkono kinywani, anampokonya mnyama angali anapumua, apate kumchinja.

Bartolomeo, mwenzake wa porini, alikuwa akija nyuma taratibu na rungu begani. "Kimbia, mtani. Mimi wangu hata akinifia njiani, namla."

Mwaka mmoja, enzi hizo za Mwingereza, bweha aliingia shambani kwa Bi Mwamini mchana kweupe, anapepesuka kwenye mihogo, haogopi mtu. Watasema akapigana naye, akarudi sikio limechanika. Jumbe alikuwa ameshatangaza kwamba mbwa aliyeumwa na mnyama wa porini apelekwe akauawe.

"Mama, usimwambie mtu," Zahoro alimwomba.

Bi Mwamini akanyamaza. Baba mtu alikuwa kaburini, kitoweo cha nyumba ile kililetwa na mbwa yule, na kilichochanika ni sikio tu. Hata likapona.

Sikio limeshapona, vijana wakatoka tena. Siku hiyo Watasema alikuwa mzito. Alimdaka kanga kwa shida, na Zahoro alipotia mkono kama kawaida, mbwa hakuachia. Alibana. Zahoro akavuta kwa nguvu, akampata kanga, akachinja.

"Mbwa wako leo ana nini?" Bartolomeo aliuliza. "Mate yanamchuruzika kama mtoto anayeota meno."

"Ni jua hilo."

Watasema akaingia kichakani. Aliitwa, hakugeuka.

Nyumbani Bi Mwamini aliuona mkono. "Damu ya nini hiyo?"

"Ya kanga, mama. Na yangu kidogo, jino limenikwaruza."

"La mbwa? Na hujajitoharisha bado?"

Akachota maji kwa kata, akammiminia mwanawe, akahesabu kwa sauti mpaka mara ya saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Moyo wake ukatulia. Jioni wakala kanga.

Kesho yake Bartolomeo alikuja, akasimama uani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Sikai. Watasema nimemkuta korongoni amekufa, taya limelegea. Zahoro, twende Kisarawe zahanati, kwa dresa. Ziko sindano za kichaa cha mbwa."

Zahoro akacheka. "Nichomwe tumboni kwa mkwaruzo? Mbwa wangu hakuniuma. Mimi ndiye niliyempelekea mkono."

"Mama, mwambie wewe."

Bi Mwamini alimtazama mwanawe. Aliwaza maswali ya dresa: mbwa aliumwa na nini, lini, nani alijua? Habari ingefika kwa jumbe, na Zahoro angefungwa.

"Ameshanawa," alisema. "Nimemmiminia mwenyewe."

Jeraha likafunga. Mihogo ikapaliliwa, mvua zikapita, na Bi Mwamini akaanza kusahau. Kisha Zahoro akalalamika kwamba mkono ule unamtambaa kama una siafu ndani. Alasiri moja alichuchumaa atie udhu, mama yake akamshikia kata. Maji yalipoanza kutiririka tu, koo la Zahoro likakaza, kichwa kikaruka nyuma.

"Ondoa, mama."

"Maji tu haya, mwanangu."

"Nimesema ondoa."

Midomo yake ilikuwa imekauka kwa kiu. Bartolomeo na wenzake wakambeba kwa kitanda hadi Kisarawe. Dresa aliuliza aliumwa lini, akajibiwa, akainamisha uso. Sindano zilikuwa za siku zile, alisema, sasa hazimfai tena.

Mzazi mwenzangu unayesoma hapa, mate ya mbwa yana tohara yake, na yana sindano yake. Hiyo ya kwanza haikupi ruhusa ya kuiacha ya pili. Na usimfichie mwanao mbwa aliyeumwa.

Zahoro alirudishwa Kurui amefunikwa. Waliomwosha walizungushia shuka uani. Bi Mwamini, amekaa upande wa pili wa shuka, alisikia kata ikichota na maji yakimwagika mwilini mwa mwanawe, tena na tena. Alikuwa ametega sikio, anangoja amsikie akisema ondoa.