Chale za Mzee Bationo

Kwa miaka ishirini na sita Lassina Toé alikuwa karani wa vitambulisho mjini Tougan. Alijaza urefu, rangi ya macho, alama za pekee. Mtu akiingia ofisini, Toé alimtajia kabila lake kabla hajafungua mdomo, kwa kusoma chale za usoni tu. Hakuna aliyewahi kumsahihisha, na hilo alilichukua kuwa ushahidi.

Siku tatu kabla ya kupeleka kokwa za kola za kumposea mwanawe Denis binti aitwaye Edith huko Koudougou, mzee mmoja alisimama mlangoni pa ua. Chale tatu ndefu zilishuka kila shavu, kutoka panjani hadi kidevuni. Mmosi huyo. Wasamo na Wamosi ni watani: kila mmoja humwita mwenzake mtumwa, na Wasamo huchekwa kwa kula mbwa. Toé ni Msamo.

"Wee mtumwa wangu!" akapaza sauti. "Nani kakufungua kamba? Hata kichwa cha mbwa hujaniletea?"

Wanawake waliokuwa wakitwanga mtama wakaangua kicheko. Mgeni naye akacheka kidogo.

"Kazi zako zimenichosha, bwana wangu. Naomba maji."

"Kaa vumbini kwanza! Viti ni vya waungwana."

Mgeni akakaa vumbini. Akanywa maji, akarudisha kibuyu.

"Mimi ni Bationo, baba yake Edith. Nilikuwa na safari huku, nikasema nipaone mwanangu atakapoishi."

Bationo ni jina la Walyela, kabila jingine kabisa. Wao hawana utani na Wasamo. Toé alikimbilia kiti, akakileta mwenyewe. Mzee alishukuru, akasema gari lake linaondoka.

Kesho yake mshenga alikuja na ujumbe mfupi: kola zisipelekwe.

"Baba," Denis akasema, "si ungemwuliza jina tu?"

Toé alipanda basi kwenda Koudougou. Bationo alimpokea vizuri, akampa kiti na pombe ya mtama.

"Mzee mwenzangu, niliona chale, nikadhani mtani," Toé akaanza. "Nisamehe."

"Nilikusamehe palepale. Ulizisoma sawasawa, ni za Wamosi. Mwaka wa njaa baba aliniacha kwao kwa kikapu cha mtama. Nilikuwa na miaka sita. Wakanichanja ili nikitoroka nijulikane ni wa nani. Kamba nilifungwa kweli, miezi miwili."

Toé aliweka pombe yake chini.

"Basi vijana wana kosa gani?"

"Hawana. Lakini nikija kuwaona wajukuu, watu wa ua wako watacheka kabla sijaketi. Utawazuia wangapi?"

Toé alifikiria ua wake, majirani, soko la Tougan. Akainuka, akaaga.

Bationo alimsindikiza hadi kituoni. Mpakiaji mizigo, Msamo kwa lafudhi, alipomwona mzee alipiga kelele kutoka juu ya basi: "Jamani, nani kamwachia mtumwa wangu atembee mjini?"

"Nimekuja kukuuza wewe," Bationo akajibu papo hapo, "ila hakuna anayetaka mla mbwa!" Kituo kizima kikacheka, na yeye akacheka nao vizuri kabisa, kama mtu aliyejifunza kazi hiyo utotoni.

Basi liliingia Tougan alasiri. Denis alikuwa akisubiri kituoni, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Toé aliacha abiria wote washuke kwanza.