Mtungi wa Mama Kabatini

Kazi ya mama ilikuwa kuunga vyungu vya kale vilivyochimbuliwa kwenye ngome, ambayo sasa ni makumbusho, juu kabisa ya kijiji cha kilimani. Mtungi wetu wa maji ulipopasuka, aliubeba akaenda nao kazini, auunge kwa gundi ya makumbusho. Hakuwahi kuurudisha. Aliugua, tukamzika, na shangazi zangu wakagawana vitu vyake mpaka miiko. Mimi nilichotaka ni ule mtungi tu.

Basi tukapanda, mwanangu mgongoni, baba yake nyuma akihema na kulalamika kwamba watu wa kale walikuwa na miguu ya mbuzi. Njia ya mawe ilipenya katikati ya nyumba zilizobanana, nguo zimeanikwa madirishani, hadi lango la ngome. Kutoka pale bonde lote linaonekana. Niliona kwamba ni pazuri, basi. Tangu mazishi nilikuwa hivyo, kama mkono ulioulalia ukafa ganzi.

Tulipokelewa na Mzee Gundi, aliyefanya kazi meza moja na mama. Akanipa pole, nikaitikia. Akasema amepekua karakana nzima, mtungi haupo. Nikasema sawa. Akatutembeza ndani, tusirudi hivi hivi.

Chumba cha pili, ndani ya kabati la kioo, chini ya taa, ulikuwa umekaa. Mdomo umemeguka pale kata ilipougonga miaka nenda rudi. Ufa umezibwa kwa plasta iliyofifia kidogo kuliko udongo, maana mama hakuwa mtu wa kuficha kiraka.

"Ule pale," nikasema.

Mzee Gundi akavaa miwani, akainama kuutazama. Kisha akaeleza: mama alipolazwa, kila kilichokuwa kimekauka kwenye rafu yake walikileta kabatini. Nani angeuliza? Kazi yake ilikuwa haikaguliwi.

"Na wageni wanaupiga picha kuliko vyote," akasema. "Mama yako angecheka mpaka akae chini."

Baba mtoto akacheka. Mimi nilitafuta kicheko, sikukipata.

Mzee akaenda kumweleza mkuu wake, akarudi na ufunguo. Alinionya kwamba gundi ile haivumilii maji, mtungi utakuwa wa kutazama tu.

"Nitautazama, mzee," nikamwambia.

Wakati wa kushuka nilimpa mume wangu mtoto, mtungi nikaukumbatia mwenyewe. Kabla hatujazimaliza zile nyumba, mikono ikaanza kuuma, ikauma kwelikweli, mpaka mabegani.

"Lete nikusaidie, mama mtoto. Umechoka," mume wangu akasema.

"Niache nao kidogo," nikasema. "Nausikia uzito."